Chicago 1939: Nani Aliiua Timu?

Sisi wanafunzi wa fasihi tunafundishwa kumchunguza msimulizi kabla ya kuiamini hadithi. Basi nimejaribu kufanya hivyo kwa hadithi moja ipendwayo sana na wasomi, ya Chuo Kikuu cha Chicago kufuta timu yake ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi kuliko kupigwa teke. Husimuliwa hivi: alikuwepo rais wa chuo mwenye msimamo, Robert Maynard Hutchins, akaona mchezo unaharibu elimu, akaufuta mwaka 1939, na vitabu vikashinda misuli. Hadithi tamu. Kwa mtazamo wangu ni tamu mno, na kurasa zake kadhaa zimechanwa.

Ukurasa wa kwanza uliochanwa ni ule wa mwanzo kabisa. Chuo kilifungua milango mwaka 1892 kwa fedha za tajiri wa mafuta, John D. Rockefeller. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa msomi hasa, mtaalamu wa Kiebrania, wala si mtu wa viwanjani. Hata hivyo ndiye aliyemwita Amos Alonzo Stagg, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake huko Yale, akampa cheo cha uprofesa mshiriki pamoja na kazi ya ukocha. Chuo kichanga kilitaka jina, na jina hupatikana upesi zaidi uwanjani kuliko maktabani. Stagg alidumu miaka 41. Aliipa Chicago ubingwa wa ligi inayojulikana leo kama Big Ten mara saba, mara ya mwisho mwaka 1924. Mwaka 1905 vijana wake waliwafunga Michigan 2-0, Michigan waliokuwa wamecheza mechi 56 bila kufungwa! Kwa hiyo anayetuambia kwamba futiboli iliivamia Chicago kama mgeni asiyealikwa, anatudanganya. Ilikaribishwa, ikatandikiwa jamvi, tena na msomi.

Hutchins alishika urais mwaka 1929 akiwa na miaka 30 tu. Stagg akaondoka baada ya msimu wa 1932, kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka 70 na sheria ya kustaafu ilimbana. Mzee akakataa kupumzika, akaenda kufundisha timu nyingine California. Chicago ikabaki na nyota mmoja, Jay Berwanger, ambaye mwaka 1935 alikuwa mchezaji wa kwanza kupewa tuzo ambayo baadaye iliitwa Heisman. Timu za kulipwa zilipoanza kuchagua vijana wa vyuo mwaka 1936, jina lake ndilo lililotajwa la kwanza. Hakwenda. Mwandishi wa riwaya angebuni mhusika kama huyu tungesema kazidisha chumvi.

Halafu ukaja msimu wa 1939. Harvard wakawafunga 61-0. Ohio State, 61-0. Michigan, walewale wa 1905, 85-0. Hivi timu kama hiyo ilihitaji muuaji? Desemba ya mwaka huohuo wadhamini wa chuo wakaifuta.

Wapo watakaosema basi Hutchins alikuwa sungura wa sizitaki mbichi hizi. Hapana, bwana. Makala yake “Gate Receipts and Glory” ilitoka katika Saturday Evening Post Desemba 1938, mwaka mzima kabla ya uamuzi. Humo anaishambulia biashara ya viingilio, na hata anataka kiingilio kishushwe hadi senti kumi. Imani ilikuwa yake kweli, ila nafasi ya kuitekeleza alipewa na Michigan.

Na misuli ilipoondoka, akili ilifanya nini pale uwanjani? Tarehe 2 Desemba 1942, katika ukumbi wa mchezo wa raketi chini ya majukwaa ya Stagg Field, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mfululizo wa kwanza wa kinyuklia uliodhibitiwa. Ilikuwa hatua moja kwenye njia iliyofika Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Hapa wale wanaoshangilia ushindi wa vitabu huwa kimya.

Majukwaa hayo yalivunjwa mwaka 1957, na mwaka 1970 ikafunguliwa Maktaba ya Regenstein palipokuwa na uwanja. Lakini timu ilikuwa imesharudi rasmi mwaka mmoja kabla. Uwanja wake mpya nao unaitwa Stagg.