Nani Aamue, Nani Alipe? Historia ya Fedha za Umma katika Nyanda za Buha

1. Utangulizi

Katika vijiji vya Kasulu, Kibondo na Buhigwe hupatikana majengo ambayo watu huyaita maboma. Ni kuta za madarasa na za zahanati zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi. Wananchi wamesomba mawe, wamefyatua matofali, wamechangishana. Sasa wanasubiri bati kutoka halmashauri, nayo halmashauri inasubiri fedha kutoka Serikali Kuu. Mchungaji anayetangaza michango hiyo baada ya ibada anapaswa kufahamu jambo hili lilianzia wapi.

Katika nchi za shirikisho, kama Marekani na Ujerumani, majimbo yana haki ya kikatiba ya kutunga sheria na kutoza kodi. Kwa Tanzania sivyo. Zanzibar ina serikali yake. Lakini wilaya za Bara, ingawa Katiba inazitambua serikali za mitaa katika ibara za 145 na 146, hupata madaraka yake kutoka katika sheria za Bunge, na kilichotolewa kwa sheria chaweza kupunguzwa kwa sheria. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa kuitazama Buha, na hasa eneo la Muyama ambalo lilikuwa katika Wilaya ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoanzishwa mwaka 2012, kwamba uamuzi umekuwa ukimfuata mwenye mfuko.

2. Tangu enzi za Bami hadi hazina za wenyeji

Kabla ya ukoloni, Buha haikuwa na dola moja. Heru, Muhambwe, Buyungu na falme nyingine kila moja ilikuwa na Mwami wake, na chini yake watwale waliopokea ushuru wa mazao, mifugo na kazi. Mwami alitoza, lakini watu walimfahamu, na walijua pia ng'ombe wake wanachungwa wapi. Umbali kati ya mtoaji na mwamuzi ulikuwa mfupi.

Baada ya utawala wa Wajerumani, Wabelgiji waliishika Kigoma tangu mwaka 1916 hadi 1921, ndipo ikakabidhiwa kwa Waingereza. Gavana Donald Cameron aliweka utawala wa wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926. Machifu walikusanya kodi, na sehemu yake ikabaki katika hazina za wenyeji kwa ajili ya mishahara, barabara, shule na zahanati. Kwa maandishi, hayo yalikuwa mamlaka. Lakini Mkuu wa Wilaya Mwingereza ndiye aliyesimamia bajeti, na kodi yenyewe ilidaiwa kwa fedha taslimu katika nchi isiyokuwa na fedha. Kwa sababu hiyo maelfu ya vijana wa Kiha walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Buha ililipa kodi yake kwa jasho lililomwagika mbali, na faida ya jasho hilo ikajenga mahali pengine.

3. Mwaka 1972: madaraka yaliyoshuka na kupanda

Baada ya Uhuru, uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikachukua kazi za utawala wa wenyeji. Zilipewa shule za msingi, zahanati na barabara, lakini mapato hayakulingana na mzigo. Mwaka 1969 kodi ya halmashauri na ushuru wa mazao vilifutwa, na sehemu kubwa ya huduma hizo ikahamishiwa kwa Serikali Kuu. Mfuko ulikuwa umekwisha kuondoka. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe ziliufuata.

Mpango wa mwaka huo uliitwa Madaraka Mikoani. Jina lake lilisema madaraka yanashuka. Na kweli watumishi wengi wa serikali walishushwa hadi wilayani, wakiongozwa na Wakurugenzi wa Maendeleo. Lakini watumishi hao waliwajibika kwa waliowatuma, si kwa wananchi. Buha iliona tofauti hiyo upesi, kwa kuwa mwaka huohuo ilianza Operesheni Kigoma, iliyowahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika hadi vijiji vya pamoja. Nia ya kuwafikishia shule, maji na matibabu ilikuwa njema. Lakini aliyehama hakuwa na baraza alilolichagua lenye uwezo wa kusema hapana. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia.

4. Kurudi kwa halmashauri na swali la mfuko

Sheria za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984 pamoja na kodi ya maendeleo. Kodi hiyo ilichukiwa, kwa kuwa ilimtoza maskini sawa na mwenye nacho, na ukusanyaji wake mara nyingine ulikuwa wa kukamatana. Ilipofutwa mwaka 2003 watu walifurahi kwa haki. Lakini halmashauri zilizidi kutegemea ruzuku.

Tusiseme haraka kwamba ruzuku ni ubaya. Wilaya yenye kahawa, maharage na mahindi, isiyo na mgodi wala mji mkubwa, ikiachiwa mfuko wake peke yake itabaki na umaskini wake. Tangu mwaka wa fedha 2004/05 ruzuku ya afya ilianza kugawanywa kwa kanuni: asilimia 70 kwa idadi ya watu, na asilimia 10 kwa kila kimoja kati ya umaskini, umbali wa huduma na vifo vya watoto chini ya miaka mitano. Kanuni kama hiyo ni haki iliyoandikwa kwa tarakimu. Shida huja fedha zinapochelewa au zinapofika pungufu, au zinapokuja na maelekezo yasiyoacha nafasi ya kuamua. Tena kazi nyingine zimerudishwa juu: barabara za wilaya zilikabidhiwa TARURA mwaka 2017, na maji ya vijijini RUWASA mwaka 2019.

Buha imejua pia mfuko wa tatu. Wakimbizi wa Burundi walipomiminika mwaka 1993, na wa Kongo baadaye, kambi za Mtabila, Nyarugusu na Nduta zilihudumiwa kwa fedha za mataifa. Mtabila ilifungwa mwaka 2012 kwa uamuzi ambao haukufanywa na mabaraza ya vijiji jirani.

Wenzetu wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, waliziandikia kaunti 47 mgawo usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hilo halijaondoa ubadhirifu wala ugomvi wa kila mwaka juu ya mgawo. Lakini mgawo unadaiwa kama haki, hauombwi kama fadhili.

5. Hitimisho

Wanafunzi wa historia ya Matengenezo watakumbuka Leisnig, mji mdogo wa Saxony. Mwaka 1523 usharika ule uliandaa sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini, shule na wahudumu, na Luther akaandika dibaji ya utaratibu wake. Wasimamizi walikuwa kumi, wakiwamo wakulima wa vijijini, na sanduku lilikuwa na kufuli nne, ili kundi moja lisiweze kulifungua peke yake. Hata hivyo baraza la mji lilikataa kukabidhi mali lililokuwa limezishika, na utaratibu mzuri ukakwama. Maandishi yalikuwa kamili. Mfuko ulikuwa kwingine.

Kanisa halipaswi kuwa diwani wala mkaguzi wa hesabu. Lakini mchungaji anayekabidhiwa tangazo la mchango anaweza kuuliza kwa upole: je, mkutano mkuu wa kijiji ulikubali? Bati limo katika bajeti ya mwaka gani? Hesabu itasomwa wapi, na lini? Kuuliza hivyo si kumpinga mwenye mamlaka. Mjane aliyetoa debe la maharage ni mmoja wa wenye kufuli, na anayo haki ya kuona sanduku likifunguliwa.