Kima, Bei na Thamani: Munyaka na Maana ya Maneno

Katika Kiarabu, thaman ni kile kinacholipwa kwa kitu, na qima ni ubora wake. Kiswahili kilipoyapokea maneno hayo kiliyabadilishana nafasi: thamani ikapanda hadi kuwa sifa ya kitu chenyewe, nacho kima kikashuka kuwa kiasi kinachohesabika, kama katika kima cha chini cha mshahara. Bei, ambayo asili yake ni tendo la kuuza, ikashika nafasi iliyoachwa wazi sokoni. Wanaodhani kwamba neno la mkopo huja na maana yake kamili wautazame mfano huu.

Eldoret panafaa kuupimia mgawanyo huo. Mji ulianza mwaka 1910 kwa posta iliyowekwa katika shamba namba 64 la walowezi, na wenyeji wangali wakiuita Sisibo, yaani namba hiyohiyo ya Kiingereza iliyolainishwa na ndimi zao. Mpima ardhi angeridhika. Munyaka, mtaa wa mji huohuo, haukupewa namba bali neno la Kigikuyu lenye maana ya bahati.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba za Munyaka zilichomwa, na maelfu ya watu wa Eldoret na viunga vyake wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mwaka 2008, katika Operesheni Rudi Nyumbani, serikali iliitengea kila kaya shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa wale ambao nyumba zao ziliharibiwa. Nyumba ya mawe na kibanda cha udongo vilipata kima kimoja. Hapana shaka kima kilitimiza kazi yake, maana kilihesabu. Thamani ya nyumba haikuulizwa. Naye aliyeogopa kurudi alipouza kiwanja, alipokea bei iliyoshuka ilhali udongo ulikuwa uleule.

Kitenzi kuthamini ndicho kilichobaki na sura zote mbili. Mthamini hukadiria jengo kwa shilingi. Jirani humthamini jirani pasipo kukadiria chochote. Aliyerudi Munyaka na shilingi zake 25,000 alikuwa amelipwa kwa sura ya kwanza, tena kwa upungufu mkubwa. Sura ya pili hapakuwa na ofisi ya kuidai; ilikuwa ng'ambo ya ua, kwa jirani aliyemwona akiondoka.