Kusoma Peke Yako na Kusoma Pamoja

Leo twataka kuwapasha habari za Chuo Kikuu cha Berkeley, katika jimbo la California, nchi ya Marekani. Habari hizi zawahusu wote walio na watoto shuleni, na sisi walimu zaidi.

Katika chuo kile, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakaye kuwa mhandisi au mtaalamu wa sayansi hana budi kujifunza hesabu za juu ziitwazo kalkulasi, yaani hesabu za mambo yabadilikayo, kama mwendo wa jiwe liangukalo. Hesabu hizo ni kama mlango. Ashindwaye hapo hurudi nyuma, na safari yake ya sayansi imekwisha kabla haijaanza.

Katika miaka ya 1970 palikuwapo mtu mmoja chuoni, jina lake Uri Treisman, aliyekuwa akijifunza na huku akifundisha hesabu. Alifadhaika kuona kwamba wanafunzi Weusi wa Marekani walishindwa kwa wingi katika mlango huo, ingawa wengi wao walikuwa wa kwanza katika shule walizotoka. Akawauliza walimu sababu yake. Wengine walijibu kuwa vijana hao hawana bidii. Wengine, kuwa hawakuandaliwa vema. Wengine, kuwa wazazi wao hawajali elimu. Na wengine, kuwa shida ni umaskini. Majibu yalikuwa tayari midomoni, lakini hayakuwa yamepimwa.

Basi Treisman akaenda kutazama. Alichagua wanafunzi 20 Weusi, na wengine 20 wa asili ya Kichina ambao walifaulu sana, akafuatana nao katika maisha yao ya kila siku apate kuona jinsi wasomavyo. Sababu zile nne zikaanguka zote. Wazazi wa vijana Weusi walikuwa wamejitahidi sana kwa ajili ya watoto wao, na vijana wenyewe walikuwa na nia thabiti. Hata baadhi ya walioandaliwa vizuri kabisa walishindwa.

Tofauti ilikuwa nyingine. Kijana Mweusi alihudhuria darasani, akafanya kazi yake, akaitoa kwa wakati wake. Alisoma kadiri ya saa 8 kwa juma, naye alisoma peke yake. Rafiki alikuwa nao, lakini urafiki ulikuwa mbali na vitabu. Wenziwe wa asili ya Kichina walisoma kadiri ya saa 14. Sehemu kubwa walisoma kila mtu pekee, kisha wakakutana jioni, pengine kwa chakula, wakalinganisha majibu. Mmoja akikosa peke yake, alijua kosa ni lake. Wakikosa wote, walijua swali ni gumu, wakaenda kumwuliza mwalimu pasipo haya. Lakini yule msomaji wa pekee hakuwa na kipimo. Alipokwama, alidhani ni yeye tu asiyejua, akanyamaza.

Chuo kilikuwa na masomo ya kuwasaidia walio nyuma, lakini vijana hao hawakuyapenda. Na tusishangae, kwani ni nani aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao atakayependa kuketi penye jina la udhaifu? Kwa hiyo mwaka 1978 Treisman alianzisha mpango wa namna nyingine, akauita mpango wa heshima, yaani wa wanafunzi hodari. Hawakupewa hesabu nyepesi, bali ngumu kupita za darasani. Walikaa makundi madogo, wakafanya, wakabishana, wakaelezana. Naye msimamizi alipita kati yao akiuliza maswali, asiwahubirie. Matokeo yalionekana upesi. Wanafunzi Weusi waliojiunga walifaulu kuliko wenzao wasiojiunga, na mara nyingi kuliko wanafunzi wengine darasani walioingia chuoni na alama za juu zaidi. Tangu mwaka 1988 njia hiyo ilifuatwa pia katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, na vyuo vingine vingi vikaiga.

Twajifunza nini? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi twalikariri neno hilo penye jembe na penye msiba, lakini penye kitabu twalisahau. Twamsifu mtoto anyamazaye na daftari lake, na wawili wakiulizana twasema wanapiga soga. Tena mtoto akishindwa, twakimbilia kusema ni mvivu, au kwao hawajali. Pengine hatukukosa kumpenda. Tumekosa kwenda kumtazama asomavyo, na kumpa kazi ngumu kama mtu tunayemheshimu.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona kabla ya kinywa cha kuhukumu.