Kufuli ni Yetu, Ufunguo wa Bangi ni Bandia

Mwaka 1964 Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam wa Israeli walitenga kemikali inayolevya ndani ya bangi. Lakini inashika wapi mwilini? Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane, huko Marekani, walikuta kwenye ubongo wa panya vipokezi vyake, mfano wa kufuli zinazosubiri ufunguo. Mwaka 1993 aina ya pili ikatambuliwa Uingereza, katika chembechembe za kinga.

Je, tumeumbwa tuvute bangi? Hasha! Mwaka 1992 Devane na Mechoulam walikwisha kugundua anandamidi, ufunguo unaotengenezwa na ubongo wenyewe. Kijana akidai mwili unataka bangi, mwambie: mwili una wake.