Mswada wa Afya Uliokwama Ikulu

Desemba 2004, Bunge la Kenya lilipitisha mswada wa kuanzisha bima ya afya ya kijamii kwa wananchi wote, ukapelekwa kwa Rais Mwai Kibaki ili autie saini. Hakuutia. Sababu zake hazianzii mwaka huo.

Mwaka 1965 serikali changa ya uhuru ilifuta ada ya shilingi 5 iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na matibabu ya wagonjwa wasiolazwa yakawa ya bure katika vituo vya serikali. Mwaka uliofuata ukaundwa mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, kwa ajili ya waajiriwa wenye mshahara. Tangu hapo Kenya ikawa na njia mbili: kodi kwa umma mzima, na bima kwa wenye ajira.

Njia ya kwanza ilichoka mapema. Uchumi ulidorora katika miaka ya 1980, wakopeshaji wa nje wakashinikiza matumizi ya serikali yapunguzwe, na mwishoni mwa 1989 wagonjwa wakaanza tena kulipa. Kilio kilikuwa kikubwa hata baadhi ya ada zikasitishwa mwaka 1990, kisha zikarejeshwa hatua kwa hatua. Ndipo watu walipozoea michango ya harambee ya kulipia bili za hospitali.

Muungano wa vyama wa NARC, uliomwingiza Kibaki Ikulu, uliposhinda uchaguzi wa Desemba 2002, Charity Ngilu alikabidhiwa Wizara ya Afya. Julai 2004 wizara yake ilipunguza malipo hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya. Mswada ulikwenda mbali zaidi: mwenye mshahara angekatwa, mwajiri wake angechangia, wa jua kali angelipa kiasi chake, na asiyejiweza angelipiwa na serikali.

Upinzani ulitoka pande ambazo kwa kawaida hazikai meza moja. Waajiri walilalamika kwamba gharama za ajira zingepanda. Makampuni ya bima na watoa huduma binafsi waliona wateja wao wakichukuliwa. Viongozi wa wafanyakazi, wakiwemo wa walimu, walihofia makato mapya na kupotea kwa marupurupu ya matibabu waliyokwisha kuyapigania. Ndani ya serikali yenyewe, watu wa Hazina waliuliza fedha za kuwalipia maskini zingetoka wapi.

Wapo wanaosema mswada uliuawa na wafanyabiashara wanaosikilizwa na wakubwa. Shinikizo lao lilikuwepo, lakini peke yake halielezi kwa nini vyama vya wafanyakazi navyo vilipinga. Wengine hutaja mafarakano ya NARC. Hoja hii ni dhaifu zaidi, maana Ngilu alikuwa miongoni mwa waasisi wa NAK, mrengo mmoja wa muungano huo, pamoja na Kibaki mwenyewe, na uhasama wao wa wazi ulikuja baadaye, kuelekea uchaguzi wa 2007. Yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni hesabu. Kibaki alikuwa mchumi, aliyewahi kushika Wizara ya Fedha kwa zaidi ya miaka kumi. Waajiriwa rasmi walikuwa sehemu ndogo ya taifa la watu zaidi ya milioni 30, na mama mboga hana hati ya mshahara ya kukatwa. Juu ya hayo, wenye mishahara hawakuuamini mfuko ambao tayari ulikuwa ukiwakata. Nani angeukabidhi fedha nyingi zaidi kwa moyo mweupe?

Rais aliurudisha mswada bungeni, nao haukuwa sheria. Kilichobaki ni NHIF, na viwango vyake vya makato vya mwaka 1990, kati ya shilingi 30 na 320 kwa mwezi, havikubadilishwa hadi 2015, baada ya mvutano mrefu uliofika mahakamani.

Wazo lenyewe halikufa. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, inayomkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha katiba, ikitaja ushirikishwaji hafifu wa umma. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na utaratibu mpya ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Swali la jinsi ya kumfikia asiye na mshahara lilianza nao siku hiyo hiyo.