Kinga za Nafsi na Shule Zilizobadili Mikono

Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ya Zaire, chini ya Rais Mobutu, ilizitwaa shule za makanisa. Somo la dini likaondolewa, mafundisho ya chama cha MPR yakashika nafasi yake. Huku kwetu, toka bonde la Ruzizi hadi Uvira, Baraka na Fizi, Jimbo lilikuwa na umri wa miaka 12 tu, na vita vya Mulele vya 1964 vilikuwa bado havijasahaulika. Mwalimu alilala akiwa wa misheni, akaamka akiwa wa serikali.

Anna Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alieleza jinsi nafsi inavyojikinga na maumivu pasipo yenyewe kujua. Sisi walimu tunazifahamu kinga hizo hata kabla ya kufundishwa majina yake. Asiyethubutu kumjibu mkaguzi humalizia hasira yake kwa mtoto wa darasa la pili. Mwingine husema, «Direkta ananichukia,» kumbe chuki ni yake mwenyewe.

Lakini iliyo ngumu kuitambua ni kukana, maana huweza kuvaa vazi la furaha. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na makanisa, nayo yakarudishiwa usimamizi wa shule. Ilikuwa rahisi kuimba kwamba ya kale yamerudi. Hayakurudi: programu na mishahara vilibaki mkononi mwa serikali, na mwalimu wa shule ya mkataba akawa na wakubwa wawili. Mishahara ilipoporomoka, wazazi ndio waliombeba mwalimu kwa michango yao, na hali hiyo ikadumu miaka mingi.

Septemba 2019 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bure. Walimu walionung’unika waliambiwa kwamba wanaogopa mabadiliko. Kwetu sisi, neno hilo halikuwa la haki. Walikuwapo waliofundisha kila siku huku majina yao hayamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Mchango wa wazazi ulipokatwa, walibaki mikono mitupu. Manung’uniko ya namna hiyo si kinga ya nafsi, ni hesabu ya unga na kodi ya nyumba. Pengine aliyejikinga ni yule mkubwa aliyeyaita woga, ili asiulizwe nani atalipa.