Kesi ya Akayesu: jinsi ubakaji ulivyoingia kwenye sheria ya mauaji ya kimbari

Ukitaja AICC pale Arusha, wengi wetu tunafikiria mikutano tu. Lakini Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa humo humo, na tarehe 2 Septemba 1998 ikatoa hukumu ambayo mwanafunzi wa haki za binadamu hawezi kuikwepa. Mshtakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, Rwanda, mwaka 1994.

Turudi nyuma kidogo. Mkataba wa Geneva wa 1949 ulitaja ubakaji kama shambulio dhidi ya heshima ya mwanamke. Yaani mwili wake ulioumizwa haukutajwa, ilitajwa heshima. Sheria iliyounda mahakama ya Arusha ilisogea mbele: ubakaji ukaorodheshwa kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ajabu ni kwamba kesi ilipoanza Januari 1997, Akayesu hakuwa na shtaka hata moja la ubakaji. Kifungu kipo, shtaka hakuna!

Basi mashahidi wakaanza kusema. Mama mmoja alieleza kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Mwingine akasema alibakwa yeye mwenyewe. Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya majaji watatu, akataka kujua zaidi. Wanasheria na watetezi wa wanawake nao wakapeleka maoni kama marafiki wa mahakama, wakiomba hati ya mashtaka irekebishwe. Juni 1997 ikarekebishwa.

Hukumu ikasema mambo mawili mazito. Kwanza, ubakaji ni uvamizi wa mwili, wa kingono, katika mazingira ya shuruti. Na shuruti haihitaji kipigo: wanamgambo wakizunguka ofisi ambako wanawake wa Kitutsi wamekimbilia, tayari ipo. Pili, ubakaji ukifanywa kwa nia ya kuangamiza kundi ni mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kusema hivyo. Akayesu akafungwa maisha.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2001, katika kesi ya Kunarac kule The Hague, majaji wa mahakama ya Yugoslavia waliweka uzito kwenye ridhaa, na wanazuoni bado wanabishana kipimo kipi kinamlinda zaidi aliyeumizwa.

Ila jambo moja Arusha ilituachia: kifungu kinaweza kulala kwenye karatasi mpaka shahidi aseme, na jaji amuulize.